Nusu Saa na Bibi Ilonka

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya muhula uliopita tu, palikuwa na shule ya bweni mgongoni mwa mlima Rungwe, mahali ambapo ukianika soksi Jumatatu unazivaa mbichi Ijumaa. Na katika shule hiyo palikuwa na binti wa kidato cha nne aitwaye Tusajigwe, mwenyekiti wa klabu ya historia na mkuki wa timu ya midahalo.

Tusajigwe alikuwa hajawahi kushindwa mdahalo. Mpe upande wa kuunga mkono, anashinda. Mgeuzie upande wa kupinga, saa ileile, anashinda. Walimu walisema mtoto huyu atakuwa wakili. Wavulana walisema atakuwa mke wa kukimbiwa, naye akawajibu kwamba mbio ni mazoezi mazuri, waanze mapema.

Basi tegeni masikio mjue mshindi huyu alikwamia wapi.

Mwalimu wao wa historia, Madamu Sekela, alikuwa amechoka. Kila mwaka alifundisha Maangamizi ya Wayahudi, yale ambayo dunia huyaita Holokosti, kwa mistari minne ya kitabu. Wanazi, Ulaya, Wayahudi milioni sita, mwisho wa aya. Wanafunzi waliikariri milioni sita kama wanavyokariri urefu wa mto Nile, wakaiandika kwenye mtihani, wakapata alama mbili, wakaenda kula makande. Milioni sita kwa alama mbili! Pigeni hesabu wenyewe muone kila roho ilipewa nini.

Ndipo Madamu Sekela akaliandikia shirika moja la mbali linalohifadhi filamu za ushuhuda. Filamu hizo hazina bunduki, hazina muziki, hazina mwigizaji. Ni manusura tu, amekaa kwenye kiti, anatazama kamera, anasimulia yaliyompata. Ikaja filamu moja, na ndani yake bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na sweta ya kijani. Jina lake Bibi Ilonka, Myahudi wa Hungaria. Mwaka 1944, akiwa na miaka kumi na tano, alipakiwa na familia yake kwenye behewa la kubebea ng'ombe, wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Waliingia watano. Alitoka yeye.

"Madamu," akasema kijana mmoja wa nyuma darasani, wale wa nyuma mnawajua, "hayo ni mambo ya Wazungu kwa Wazungu. Sisi watu wa ndizi yanatuhusu nini?"

Madamu Sekela akamuuliza, "Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Basi wewe ni kaka yake. Kaa chini umsikilize mdogo wako."

Kijana akakaa. Lakini palikuwa na shida. Bibi Ilonka alisema Kiingereza, tena chenye lafudhi ya kwao, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza yakipita mbio. Kidato cha kwanza wangeona nini? Midomo inacheza.

Hapo ndipo akaitwa Gwamaka.

Gwamaka alikuwa wa kidato cha tatu, na kila likizo alifanya kazi kwenye banda la video la mjomba wake. Nyote mnaijua kazi hiyo. Filamu ya nje inaonyeshwa, na pembeni anakaa dijei na maiki, anatafsiri kila neno kwa Kiswahili papo hapo, sauti ya jambazi yake, sauti ya mrembo yake, hata sauti ya mbwa yake. Pale bandani aliitwa Dijei Radi. Na sheria ya kwanza ya banda ni hii: dijei hanyamazi. Ukinyamaza, watu wanapiga mabenchi, wanasema dijei amelala, rudisha viingilio vyetu. Mwigizaji akitazama dirisha bila kusema kitu, dijei anasema: "Hapa anawaza, jamani, moyoni anasema, ole wangu mimi!"

Gwamaka akapewa maandishi ya filamu wiki nzima. Akaitazama mara kumi na moja. Akaijua kama njia ya kwao.

Jumamosi saa nane mchana, madirisha ya bwalo yakafunikwa kwa mablanketi. Wanafunzi mia tatu wakajaa, matroni akakaa mbele na kitenge chake, wapishi wakasimama mlangoni na miko mkononi. Tusajigwe akakaa mstari wa kwanza na daftari. Yeye ndiye angetoa neno la shukrani mwishoni, na hakutaka liwe la kawaida.

Filamu ikaanza. Gwamaka akashika maiki, na jamani, tusimnyime mtu haki yake: kijana alikuwa na kipaji. Treni ilipotajwa, waliisikia treni. Bibi alipoeleza jinsi walivyoshuka, mtu mmoja akanyoosha kidole, mama kushoto, wadogo zake wawili kushoto, baba kule, yeye kulia, bwalo zima lilikuwa linatazama kidole kile. Kidato cha kwanza, ambao kwa kawaida hawatulii hata kwenye sala, walitulia kama maji mtungini.

Kisha Bibi Ilonka akafika kwenye supu.

Akasema, na Gwamaka akatafsiri kwa sauti ya kilio: "Kambini jioni tulikuwa hatuna cha kula, basi tulipika kwa mdomo. Kila mwanamke anaeleza chakula cha kwao, wengine tunasikiliza. Jioni moja wanawake wawili wakagombana juu ya supu ya kuku. Mmoja anasema kitunguu kwanza, mwingine anasema pilipili kwanza. Walikaribia kushikana nywele, na nywele zenyewe tulishanyolewa. Mwishowe wakanigeukia mimi, niliyekuwa mdogo kuliko wote. Wakasema, wewe onja, utuamue. Nikachukua kijiko kisichokuwepo. Nikaonja supu isiyokuwepo. Nikasema, haina chumvi."

Bwalo kimya. Matroni akavuta kamasi.

Na katika kimya kile, mstari wa nne kutoka nyuma, mtu akaangua kicheko. Si cha kuzuia, si cha puani. Cha tumbo.

Alikuwa Lugano, wa kidato cha pili, mvulana ambaye Kiingereza chake kilitembea kwa mguu mmoja na jina lake lilijulikana kwa walimu wote kwa sababu zisizo nzuri. Mia tatu wakageuka. "Shenzi!" akasema binti aliyekaa mbele yake. Huyo ni Atupele, monita wa darasa lao, binti wa kwanza kwa alama tangu aingie shuleni. Akafungua karatasi ya wapiga kelele, akaandika: Namba moja, Lugano. Akaipeleka kwa mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu wa nidhamu akamshika Lugano ukosi. "Unacheka maiti?"

"Hapana, mwalimu. Nacheka supu."

"Supu! Chukua kwanja. Nyasi zote nyuma ya bwalo, mpaka kwenye bomba!"

Lugano akatoka kwenda kufyeka nyasi kwenye manyunyu. Na Bibi Ilonka pale kwenye skrini, kama mngemtazama usoni wakati ule, alikuwa bado anatabasamu. Lakini nani alimtazama? Watu walikuwa wanamtazama Lugano.

Filamu ikaendelea. Muulizaji, ambaye haonekani, akamuuliza bibi: mama yako alikwambia nini mara ya mwisho?

Bibi Ilonka akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama mikono yake.

Na Dijei Radi, mtoto wa banda, akaona skrini imenyamaza. Sekunde tano. Sekunde kumi. Koo likamwasha. Akavuta maiki akasema kwa sauti ya mama anayelia: "Ilonka, mwanangu, funga sweta yako, baridi kali! Uishi, mwanangu! Uishi ukawasimulie!"

Bwalo likapasuka. Matroni akajifunika kitenge kichwa kizima. Mpishi mmoja akaangusha mwiko. Hata yule kijana wa watu wa ndizi alionekana anafuta macho kwa tai.

"Simamisha!"

Atupele alikuwa amesimama. "Simamisha filamu! Hakusema hivyo! Bibi hakusema kitu! Amenyamaza!"

"Kaa chini wewe," wakamzomea. "Unatuharibia!"

"Sikai. Rudisha nyuma. Gwamaka, weka maiki chini."

Na kwa kuwa Madamu Sekela alikuwa na maandishi ya filamu mkononi na aliona hayana maneno hayo, filamu ikarudishwa, maiki ikawekwa chini. Wanafunzi mia tatu wakakaa na kimya cha Bibi Ilonka mpaka mwisho wake. Kilikuwa cha dakika moja na sekunde arobaini. Jaribuni siku moja na watu mia tatu muone urefu wake. Mwishowe bibi akainua macho akasema maneno mawili: "Tuendelee, tafadhali."

Hakuna aliyelia. Lakini hakuna aliyepumua vizuri.

Baadaye Atupele aliandika barua kwa shirika lile kwa niaba ya klabu. Akaeleza yote bila kupaka sukari: jinsi mwenzao alivyoongeza maneno, jinsi walivyorudisha nyuma, na kwamba wanaomba radhi. Nakala akaibandika kwenye ubao wa matangazo, na Gwamaka akaisoma pamoja na shule nzima.

Wiki mbili zikapita, jibu likaja. Bibi Ilonka yuko hai! Ana miaka tisini na tano, na barua ameisema mwenyewe kwa mdomo, mjukuu wake akaiandika: "Nimefurahi kutazamwa na watoto wa mlimani. Jumamosi hii saa kumi zenu nitakuwa mbele ya kompyuta. Watu wengi wananichosha, na daktari amenipa nusu saa. Basi nileteeni mmoja. Sitaki mwenye alama nzuri, hao nimekutana nao wengi. Nileteeni yule aliyenisikiliza kuliko wote."

Madamu Sekela akampa Tusajigwe barua hiyo. "Mwenyekiti, chagua jina."

"Mimi, Madamu? Si uchague wewe?"

"Mimi nilikaa kimya Lugano alipotolewa. Na nililia kwa maneno ya Gwamaka huku ukweli ninao mkononi. Hakimu wa namna hiyo mtamtaka? Jumamosi uje na karatasi yenye jina moja. Mimi nitakaa pembeni nimtafsirie atakayekaa, Kiingereza kisiwe kikwazo kwa mtu."

Tusajigwe akafurahi, kwa sababu kuamua ni mchezo wake. Ijumaa baada ya vipindi akawaita Gwamaka, Atupele na Lugano maktaba, akaweka karatasi mezani, akafungua kalamu.

"Semeni. Gwamaka, wewe ni mkubwa, anza."

Gwamaka akajikohoza kidijei. "Mwenyekiti, tuulizane. Bila mimi bibi angesikilizwa na nani? Na watoto ishirini wanaojua Kiingereza, na Atupele akiwa mwenyekiti wao. Mimi nilimpa masikio mia tatu. Nilimtazama mara kumi na moja kabla ninyi hamjamwona hata mara moja."

"Na ukamtia maneno mdomoni," akasema Atupele.

"Nilimtia, ndiyo! Na ulipobandika barua yako nilifanya nini, nilijificha? Nilipita darasa kwa darasa, mikondo minane, nikasimama mbele ya madogo wa kidato cha kwanza nikasema: pale mlipolia, niliwadanganya. Bibi alinyamaza. Mama yake alisema nini, hajui mtu isipokuwa yeye. Sasa niambieni, kati yetu ni nani mwingine aliyesimama akasema nimekosa? Tena kuna mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza, kaka, kwa nini alinyamaza? Tukazungumza kipindi kizima. Maiki haikuwepo, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza kuliko kuongea."

Tusajigwe akasema moyoni: huyu ndiye. Aliyepeleka sauti, akakosea, akairudia njia yote kuokota alichokiangusha. Akainamisha kalamu.

"Ngoja, Mwenyekiti," akasema Atupele. "Huyu anajisifu kwa kuzima moto alioukoka mwenyewe."

"Haya, zamu yako."

"Sina maneno mengi. Wapo watu leo, duniani, wanaosema mambo haya hayakutokea. Wanasema wazee hawa wanadanganya. Wanakaa wanasubiri uongo mmoja tu, hata mdogo, hata mtamu, waushike waseme: mnaona? Na sisi tulikuwa tunawapa. Kesho mmoja angesema bibi ni mwongo, na shahidi wake angekuwa Gwamaka."

"Mimi nilitaka watu waelewe!"

"Bibi alikaa miaka themanini na lile jambo moja, hakulitoa. Wewe ukalitoa kwa sekunde kumi kwa kuwa ulizoea mabenchi. Watu mia tatu walikuwa wanasikiliza, Mwenyekiti, na mimi peke yangu nikasikia kwamba hakusema kitu. Nilizomewa. Mpaka leo nikiingia bwaloni wapo wanaosema, monita wa kimya huyo. Na wewe Gwamaka, nani angekupa hicho kimya cha kwenda kukifundisha darasa kwa darasa, kama nisingesimama?"

Gwamaka akakuna kisogo.

Tusajigwe akasema moyoni: la, huyu ndiye. Aliyelinda neno la mtu kwa kulinda hata pale asiposema neno. Akainamisha kalamu tena.

Lugano alikuwa anatazama dirishani.

"Na wewe?" akauliza Tusajigwe. "Huna la kusema?"

"Mimi sijui hata nimeitiwa nini, dada. Nilidhani kuna nyasi zimebaki."

Wakacheka wote watatu, na Tusajigwe akacheka, halafu akakaza uso wa mwenyekiti. "Ulicheka. Kwa nini?"

"Si alisema kichekesho?"

"Gwamaka alitafsiri kama kilio," akasema Tusajigwe.

"Ndiyo, sauti ya Gwamaka ilikuwa inalia. Lakini mimi nilikuwa namtazama bibi. Macho yalishaanza kucheka kabla hajafika kwenye chumvi. Bibi yangu mimi yuko hivyohivyo, akitaka kukuchekesha anaanza na macho, halafu anakusubiri." Akawageukia wenzake. "Nyinyi mlikuja kumlilia. Mlileta na vitambaa. Sasa mtu amekusimulia kichekesho, tena ametoka nacho kule, mnamtazama kama amefumaniwa. Nikaona aibu, nikacheka. Mtu mmoja angalau acheke naye."

Atupele akashusha macho kwenye meza. Ni yeye aliyeandika Namba moja.

"Lakini filamu hukuiona yote," akasema, kwa upole safari hii. "Ulikuwa nje."

"Kosa la nani, monita?"

"Langu. Nasema tu, bibi ametaka aliyemsikiliza, na wewe ulisikia nusu."

"Nilisikia kupitia blanketi la dirishani. Mlipopiga kelele, simamisha, simamisha, nikasikia. Halafu pakawa kimya bwaloni, sikujua kuna nini. Nikaweka kwanja chini, basi. Nikasimama. Mwalimu wa nidhamu akapita akaona sifyeki, akaniongezea mpaka kwenye mabanda ya nguruwe."

Tusajigwe hakusema moyoni huyu ndiye. Alikuwa amelisema mara mbili, na sasa moyo ulikataa kulisema mara ya tatu, si kwa sababu halikuwa kweli.

"Na wewe, Mwenyekiti?" Lugano akauliza. "Wewe ulisikia nini?"

Hapo, wasikilizaji, ndipo mkuki ulipojikunja. Tusajigwe alilifungua daftari lake la siku ile. Kurasa mbili, mwandiko mzuri. Kwa niaba ya wanafunzi wenzangu, napenda kuchukua fursa hii. Mstari umekatwa, umeandikwa upya. Napenda kutumia wasaa huu. Bibi Ilonka alikuwa anaonja supu, yeye anachagua kati ya fursa na wasaa. Bibi alikuwa amenyamaza, yeye anatafuta neno la kumalizia.

Angeweza kuwaficha. Akawasomea.

"Basi wewe hugombei," akasema Gwamaka.

"Mimi sigombei," akasema Tusajigwe. "Mimi nimepewa kijiko tu."

Usiku huo alijaribu upande wa kumuunga mkono kila mmoja wa watatu, akashinda kila mara. Akajaribu upande wa kumpinga kila mmoja, akashindwa kila mara. Akamwendea Madamu Sekela asubuhi amwombe bibi awapokee watatu. Madamu akapiga simu. Mjukuu akajibu kwa adabu: bibi amesema mmoja, na bibi hapingiki, hata sisi tumeshajaribu.

Jumamosi saa kumi kasoro dakika mbili, kompyuta ilikuwa mezani maktaba, na mbele yake viti viwili: kimoja cha Madamu Sekela pembeni, kimoja cha katikati, kitupu. Mlangoni watatu wamechomekea mashati. Gwamaka anatikisa mguu. Atupele ameshika karatasi ya maswali na ameikunja mpaka imekuwa mraba mdogo. Lugano, kwa mara ya kwanza tangu aingie shule, amechana nywele.

Kompyuta ikaita. Skrini ikawaka. Sweta si ya kijani safari hii, ni nyekundu, lakini nywele zilezile. Na macho yaleyale, yameshaanza.

"Haya," akasema Bibi Ilonka. "Mmeniletea nani?"

Tusajigwe akakumbuka kwamba bibi huyu, akiwa na miaka kumi na tano, alipewa kijiko kisichokuwepo na wanawake wawili wenye hasira, na hakusema siwezi, na hakusema zote tamu. Alionja. Basi Tusajigwe akaikunjua karatasi yake, akasoma jina moja kwa sauti. Mtu mmoja akavuta kiti akakaa, na wawili wakabaki mlangoni, wakimpigia makofi ya vidole, kimyakimya, wasimchoshe bibi.

Jina lenyewe halitoki hapa. Na asinijibu mtu "wote watatu", kiti ni kimoja, nusu saa imeshaanza kuhesabu, na bibi anasubiri. Aliyeipeleka sauti yake kwa mia tatu akaiharibu, akarudi kuitengeneza? Aliyekilinda kimya chake na kukosa kicheko chake? Au aliyecheka naye, akafukuzwa, akasimama kwenye manyunyu kwa kimya asichokijua?

Kijiko hiki hapa, shikeni. Onjeni. Je, nani alistahili kukaa?